Siku Nilipopaka Maganda ya Risasi Mafuta ya Nywele

Jamani, mkikutana na mtu wa Korogwe akawaambia kwamba amewahi kumwona mke wa fundi Mhina amekaa chini barazani kwake, mguu mmoja huku mwingine kule, kanga iko kwingine kabisa, ananukia waridi kama bibi harusi, na mbele yake amesimama mkaguzi wa silaha na kalamu mkononi, msimbishie, hajawadanganya, mwanamke huyo ni mimi. Nilikaa zaidi ya mwaka siwezi kulisimulia jambo hili bila kujifunika uso. Leo nalisimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani, maana wao huongeza chumvi, na chumvi iliyomo inatosha.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, msije mkadhani tunaishi kijambazi. Mume wangu ni fundi bunduki. Ni Mzigua wa Handeni (mimi ni Mshambaa wa Kwashemshi, na hadi leo akikasirika husema sisi watu wa mlimani tunapenda kufunika mambo kwa ukungu), ameifanya kazi hiyo tangu hatujaoana, ana kibali, na karatasi zake zote zimo kwenye bahasha ya kaki anayoitunza kuliko vyeti vya watoto. Kampuni moja ya uwindaji yenye kambi huko nyikani Handeni ndiyo ilikuwa ikimpa kazi. Wageni wao wakishapiga risasi, ganda la shaba linalobaki halitupwi, huokotwa, huhesabiwa, kisha huja kwetu kwenye mkebe likiwa tupu, litengenezwe ili likajazwe tena kule kambini. Baruti haikanyagi nyumbani kwangu. Baruti inafungiwa kule kule, kwa makufuli mawili, na mzee wangu alikuwa akifuatwa kwa gari kwenda kuijaza mbele ya watu.

Sasa ganda likishapigwa huvimba. Jicho halioni, lakini bunduki inajua. Kwa hiyo lazima ulisukume ndani ya kalibu ya chuma, kwa mtambo wenye mpini mrefu uliofungwa mezani, libanwe lirudie unene wake wa kwanza. Na haliingii hivi hivi, linataka mafuta, na siyo mafuta yoyote, yanatakiwa mazito yasiyokimbia yakibanwa. Yetu yalikuja kwenye kopo la bati, rangi ya asali, yametengenezwa kutokana na manyoya ya kondoo, kampuni ilikuwa inaagiza kutoka nje. Ukipaka kidogo mno, ganda linakwama kwenye kalibu na kulitoa ni vita. Ukipaka mengi mno, mafuta yanakosa pa kwenda, yanajikusanya begani pale ganda linapoanza kuwa jembamba, yanalibonyeza, na hilo tayari ni la kutupa. Kwa hiyo ni kazi ya kipimo, ya ncha za vidole.

Na vidole vya mzee wangu vilikuwa vimeanza kutetemeka.

Ilianza na kikombe. Siku moja akamwaga chai akasema kikombe kina moto, nami nilikuwa nimekishika kikombe kile kile na hakikuwa na moto wowote. Baadaye akaacha kwenda kula kwenye shughuli za watu, akidai tumbo. Akawa anavaa shati la mikono mirefu hata jua la saa saba, mkono mmoja mfukoni, na mtu akija kumsalimia anasimama mbali kidogo ili wasipeane mikono. Mimi nikanyamaza, nikawa nayaona maganda kwenye ndoo ya takataka, kila wiki yanazidi, kila moja lina kibonyeo begani. Mtu ambaye zamani alikuwa akiharibu ganda moja kwa mwezi na kulisikitikia kama kifaranga!

Sikumwuliza. Siku moja nilivuta kigoda nikakaa karibu na meza yake nikamwambia, "Baba Salehe, watoto wameshaondoka, nyumba nzima iko kimya, nifundishe na mimi hiyo kazi ya kupaka mafuta nisisinzie mchana."

Akanitazama. Alijua ninajua. Mimi nami nikajua kwamba amejua, lakini hakuna aliyesema.

"Mikono nawa kwanza," akasema. "Chukua mafuta kiasi cha punje ya mtama. Kiasi cha punje ya mtama, Mwanaidi, siyo hilo donge. Sugua kwenye kidole gumba na hivi viwili mpaka yapate joto. Haya, lizungushe ganda. Taratibu. Ulivyokuwa ukimpaka Salehe alipokuwa mchanga."

"Na hapa begani?"

"Begani usipaguse. Mafuta yenyewe yatapafikia."

Kwenye shingo tulikuwa tunapitisha kiburashi ndani, mara moja tu, kisha maganda yakishabanwa yote yanafutwa kwa kitambaa yawe makavu kabisa, maana ganda lenye mafuta likiingia kwenye bunduki ni hatari. Nilijifunza kwa muda wa wiki mbili. Tangu hapo ikawa mimi ninapaka, yeye anavuta mpini, kwa sababu kuvuta mpini hakutaki ncha za vidole, kunataka bega na mgongo, na vya kwake bado vilikuwa vya mwanamume. Tulikaa hivyo karibu miaka miwili. Naomba mniamini nikisema ilikuwa miaka mizuri. Tulikuwa tunazungumza mambo ambayo miaka yote ya kulea watoto hatukupata nafasi ya kuyazungumza, mimi nikizungusha ganda, yeye akivuta, mimi nikizungusha, yeye akivuta, redio ikiimba taratibu.

Basi, mkasa.

Mimi nina magaga. (Najua, mwanamke mzima hatakiwi kuanza kisa chake cha aibu kwa visigino, lakini ndipo kilipoanzia.) Visigino vyangu vilikuwa vimepasuka hadi nikitembea vinakwaruza shuka. Nimepaka kila kitu, havikusikia. Sasa siku moja baada ya kupaka maganda, nilijifutia mafuta yaliyobaki vidoleni kwenye kisigino, basi tu, sikuwa na nia yoyote, na asubuhi yake kisigino kile kilikuwa laini kama cha msichana. Nikaanza kuchota kidogo kila jioni. Kisha nikachota na kumpa jirani yangu Mama Jeni, maana naye alikuwa anateseka, na Mama Jeni akamwombea na mama yake aliyeko Mashewa. Mjue kopo lile lilitakiwa litufikishe hadi mwisho wa msimu.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, meneja wa kambi, Bwana Chuwa, alipiga simu kwamba kibali cha mzee kinataka kuhuishwa na mkaguzi atakuja nyumbani kumwona akifanya kazi. Mzee aliweka simu mezani, akasema, "Wewe utapaka mapema. Wakifika watayakuta yapo tayari chini ya kitambaa, mimi nitavuta tu." Nikamwambia hakuna shida. Nikaenda kufungua kopo.

Kopo lilikuwa linanicheka. Limebaki bati tupu, na alama za kucha zangu.

Hapa ndipo ningeweza kusema, jamani! Ningemwambia tu, "Mafuta yamekwisha," naye angempigia Bwana Chuwa, na Bwana Chuwa angekuja na kopo jingine kwenye gari lile lile. Kitu cha sentensi moja. Lakini nilimwona pale kwenye kiti, akiutazama mkono wake ulivyokuwa unacheza juu ya goti, mwenye hofu ya kunyang'anywa kazi ya maisha yake, na mimi nimtokee niseme mafuta nimeyamalizia kwenye miguu? Nikaona aibu. Nikaenda chumbani, nikachukua mafuta yangu ya nywele yenye harufu ya waridi, nikayachanganya na mafuta ya mgando hadi rangi ikafanana na ya asali, nikayashindilia kwenye kopo, nikalainisha juu kwa kijiko. Mtu asingejua. Mzee asingenusa, maana pua yake nayo ilikuwa imeacha kushika harufu kitambo (baadaye daktari alituambia mambo hayo huja pamoja, wakati ule mimi nilidhani ni tumbaku). Nikajisifu kabisa. Nikasema moyoni, Mwanaidi, wewe ni mwanamke wa kutatua matatizo.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi gari la kambi likasimama mbele ya baraza letu, na baraza letu, kwa wasiolijua, linatazama njia ya kwenda sokoni, hakuna anayepita asione. Akashuka Bwana Chuwa. Akashuka Loishiye, mfuatiliaji nyayo wa kambi, Mmasai wa huko huko nyikani, mrefu, mpole, ambaye huwa ananiita yeyo, yaani mama, kila akija kuleta mkebe. Kisha akashuka mkaguzi, na mkaguzi alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu, viatu vimeng'arishwa, daftari kubwa kifuani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni," tukaitikia, na mzee akainamisha kichwa kidogo kwa mbali, mkono mfukoni, kama kawaida yake.

Maganda ishirini yalikuwa yamepangwa mezani chini ya kitambaa, nimeyapaka tangu alfajiri, yanang'aa. Mzee akasimama kwenye mtambo, mimi nikasimama pembeni kama mke anayesubiri kuandaa chai. Nikampa la kwanza. Akavuta, likaingia, likatoka, safi. La pili likaingia, likakoroma kidogo. (Yale mawili yalisaidiwa na mafuta ya zamani yaliyokuwa bado yameshikilia ndani ya kalibu, lakini mimi niliona ni ushindi wangu.) La tatu likalia. Si kukoroma tena, lililia kabisa, mlio wa bawaba ya mlango wa ghala, na mzee akanigeukia kwa jicho moja.

La nne likaingia likakataa kutoka.

Mzee akavuta mpini, wapi. Akavuta tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mkaguzi akaacha kuandika. Bwana Chuwa akasogea. Na mimi, badala ya kutulia, nilipouona ule mkono mwingine unatoka mfukoni kuja kusaidia, na jinsi ulivyokuwa unatetemeka hadi saa ya mkononi inagonga chuma, ka-ka-ka-ka, nikajua dakika hiyo watauona wote, nikaruka. Niliruka kweli, wenzangu, na mimi siyo mwepesi. Nikaudaka mpini kwa mikono miwili nikasema kwa sauti, "Huu mtambo bwana una kiburi, unataka kuning'iniwa!" nikauning'inia kwa uzito wote alionijalia Mungu.

Chini ya meza ile mchwa walikuwa wameshakula. Hatukujua. Skrubu zikang'oka zote kwa pamoja, mtambo ukageuka, ukingo wa kitako cha ganda lile lililokwama ukakatika, tang, meza ikainamia upande wangu, na kopo, maganda kumi na sita, kitambaa, na redio vikateremka kama mzigo uliokatika kamba. Nilirudi nyuma hatua moja kujinusuru, nikakanyaga mafuta, na kisigino changu laini kama cha msichana kikateleza kwa raha zake. Nikakaa. Sakafu ya saruji ilisikika hadi kwa muuza nyanya. Kanga ya kiunoni ilibaki imenasa kwenye mpini, juu, inapepea, na mimi chini nimevaa gagulo tu, gagulo lenyewe la zamani, lenye kiraka.

Maganda yalikuwa yanaendelea kudondoka barazani moja moja kuelekea barabarani, ting, ting, ting, na watu waliokuwa wanapita sokoni wakasimama.

Loishiye ndiye wa kwanza kusogea. Alivua shuka lake la juu, akageuza uso ukutani, akalirusha mapajani mwangu bila kutazama. "Pole yeyo," akasema, akiuelekea ukuta. Kisha akaenda kuokota maganda. Sitamsahau kijana yule, popote atakapopita Mungu amlainishie njia.

Mkaguzi akainama, akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Hapo ndipo pua yake ikaanza kufanya kazi. Akanusa. Akaokota kopo, akanusa tena.

"Mama," akasema polepole, "haya mafuta yananukia waridi."

Nikasema ndiyo mafuta ya kisasa hayo, yametoka nje. (Ulimi wangu, jamani.) Na kabla hajajibu, akapanda barazani Mama Jeni, na kibakuli mkononi, hajui lolote, ameona tu watu wamejaa, akaniona nimekaa chini akadhani nimekaa tu, akasema, "Mama Salehe, shoga yangu, samahani kukuingilia, yale mafuta ya magaga ya kwenye kopo la Baba Salehe yamebaki hata kidogo? Mama kule Mashewa anayasifu, anasema anatembea kama amezaliwa jana."

Hakuna aliyecheka. Nadhani wangecheka ningeona nafuu. Bwana Chuwa alitazama kopo, akatazama visigino vyangu, vilikuwa vimejianika pale nje ya shuka vinang'aa, akafumba macho.

Mkaguzi alikuwa mtu wa kazi. Akafungua mkoba wake, akatoa kichupa kidogo cha mafuta sahihi (kumbe wao huja nayo), akaliokota ganda moja, akalifuta, akamnyooshea mzee. "Mzee wangu, tusameheane hayo ya mafuta, yanatokea. Nipakie hili moja tu nione."

Nikasema haraka, "Ana malaria huyu! Tangu jana ana homa, anatetemeka, msimsumbue!"

Ndiyo, nililisema neno hilo mwenyewe, anatetemeka, kabla mtu yeyote hajaliona.

Mzee wangu alilichukua ganda. Akalishika kwa vidole vitatu vile vile alivyonifundishia. Likawa linacheza, linacheza, shaba inamulika jua ukutani kama kioo cha mtoto mtundu. Akajaribu kuchovya kidole kwenye kichupa, kikagonga ukingo mara tatu. Akaacha. Akaliweka ganda mezani, taratibu, kwenye kona iliyokuwa bado imesimama.

"Sina malaria," akasema. "Mikono imeniacha. Huu ni mwaka wa pili. Maganda yote mliyopokea tangu wakati huo, Bwana Chuwa, na ukasema fundi Mhina hakosei, aliyapaka huyu." Akanionyesha pale chini kwa kidevu. "Alinificha. Aliniambia anataka kujifunza asisinzie. Mimi nikakubali kufichwa kwa sababu niliona aibu. Leo ameanguka yeye, aliyetakiwa kuanguka ni mimi."

Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele za watu tangu nimjue. Akanyoosha mkono wake unaotetemeka, ule ule, mbele ya Bwana Chuwa na watu wote wa sokoni, akasema, "Simama, Mwanaidi."

Nikaushika. Ulitetemeka ndani ya wangu kama ndege. Nikasimama, nimejifunga shuka la Kimasai, nanukia waridi, machozi yananitoka na kamasi nazo, sura gani ile sijui.

Msidhani iliishia kwa makofi. Mkaguzi alikaa kwenye kigoda changu, akaandika muda mrefu, kisha akafunga daftari akasema, "Mzee, nikikuhuishia kibali nitakuwa nimeikosea kazi yangu. Siwezi." Alilisema akimtazama usoni, kwa adabu, sauti ya chini, nami nikamheshimu kwa hilo, ingawa kwa dakika ile nilitamani ardhi impasukie. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki, akatoa karatasi ile akampa kwa mikono miwili. Bwana Chuwa aligeuka akaenda kusimama karibu na gari, akijifanya anakagua tairi.

Kabla hajaondoka, mkaguzi alichukua ganda lile akanipa mimi. "Mama, hebu wewe."

Nikanawa mikono kwanza. Nikachukua mafuta kiasi cha punje ya mtama, nikasugua hadi yakapata joto, nikazungusha. Begani sikupagusa. Alilipokea, akaligeuza kwenye mwanga, akaligeuza tena. "Nani kakufundisha?"

"Fundi Mhina," nikasema.

Akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Akasema kuna utaratibu wa kuomba, ni mrefu, una alama za vidole na barua za mwenyekiti wa mtaa na kusubiri, lakini haujakataza akina mama wenye visigino laini. Niliuanza utaratibu ule wiki iliyofuata. Umechukua miezi mingi, siwezi kuwadanganya, nimekwenda na kurudi hadi kiatu kimoja kimekufa. Sasa hivi ninatayarisha maganda kwa jina langu, na kujaza anajaza fundi mwingine huko kambini. Mzee hukaa kwenye kiti kile kile pembeni yangu, ananisahihisha kwa mdomo, na wakati mwingine ananyamaza saa nzima anautazama mtambo, nami simwulizi. Yapo mambo hayarudi. Kazi ile ilikuwa jina lake.

Ila kimoja kimekuja ambacho sikukitegemea. Kwa vile hakuna tena cha kuficha, alikubali twende hospitali, jambo alilokuwa amelikwepa miaka yote ile, na dawa zimempa nafuu, siyo kupona, nafuu. Na mwezi uliopita tulialikwa harusini Mkumbara. Tumefika, wanaume wamekaa kwenye jamvi lao, wagosi, yaani wanaume wa huku kwetu, wenzake wa zamani watupu, mimi niko upande wa pili na akina mama, mara nasikia ananiita kwa sauti, mbele ya wote, "Mama Salehe! Njoo unifunge kifungo cha mkono, kimenishinda, halafu unilishe huu wali kabla haujapoa." Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji. Nikavuka lile jamvi, nikapiga magoti, nikafunga kifungo, nikamlisha, na hakuna mwanamume aliyegeuza uso. Mmoja tu alisema, "Mhina unafaidi wewe," naye akamjibu mdomo umejaa, "Oa vizuri."

Kwa hiyo nimeapa viapo viwili. Cha kwanza ni kwamba kitu cha kazi kitabaki cha kazi, nikiishiwa nitasema nimeishiwa, hata kama kimeishia miguuni. Cha pili ndicho kigumu, bado najifunza. Mtu ninayempenda akiwa na aibu, sitakimbilia tena kuifunika. Nitavuta kigoda nikae karibu naye, nimwulize kwanza kama anataka ifunikwe, au anachotaka ni mtu wa kuishika pamoja naye.